Mimi Ndiye Niliyemtuma Gaspar

Magamba,
Mpanda.
15 Machi 1976

Mpendwa shemeji Anselmo,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwetu. Kifua chako kimepona? Esteria hajambo, na watoto wanakwenda shule vizuri? Nasikia Morogoro mvua imezidi. Huku tunapumua tu, shemeji. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya. Mahindi mabichi yako tele shambani na hakuna mwenye hamu ya kuyachoma.

Barua hii naiandika mwenyewe, sijamwomba mtu. Katika kisomo cha watu wazima mwalimu alinyanyua daftari langu akawaonyesha wanaume wazima, akasema angalieni mwandiko huu. Lakini leo ni siku ya tatu niko kwenye karatasi hii hii, nafuta na kuanza upya.

Najua binamu yenu Enoka amekwisha kukuandikia. Najua pia unakuja kwenye arobaini ya Gaspar kutoa neno la mwisho juu ya mkewe, Helena, maana tangu marehemu kaka yako atutoke wewe ndiye baba wa nyumba hii. Kabla hujapanda treni nataka ujue mambo ambayo Enoka hayajui.

Kwanza nikukumbushe mwanangu, maana uliondoka huku akiwa bado kijana. Shemeji, mimi nilizaa mtu. Usione najisifu, ni kweli tupu. Kuanzia hapa mpaka Kabungu hapakuwa na mrina asali kama yeye. Wenzake wanachuna gome la mti mzima kutengeneza mzinga, mti unakauka. Gaspar alikataa. Alitafuta magogo yaliyoanguka yenyewe, akayachonga taratibu, wiki mbili kwa mzinga mmoja, huku wenzake wakimcheka. Bwana nyuki alikuja na baiskeli kutoka mjini kuangalia kazi yake. Nilimpikia kuku.

Mwaka ule wa kuhamia kijijini tulipewa kiwanja chenye mti mahali pa jiko. Nikamwambia kata. Akapanda akachungulia, akashuka akasema, "Mama, kuna njiwa ameatamia. Tumsubiri." Tukapika juani karibu mwezi mzima kwa ajili ya njiwa! Nilimgombeza kila siku. Naye anajibu tu, "Vumilia mama, wameshaota manyoya."

Na nyumbani hivyo hivyo. Aliogesha watoto wake mwenyewe, mwanamume mzima na beseni uani, watu wanapita wanaona. Mtoto wake mkubwa, Marsela, anajua majina ya ndege wote wa hapa kwa sababu alikuwa anabebwa mabegani kwenda porini. Sijasikia sauti ya Gaspar ikipanda kwa Helena hata siku moja. Majirani walisema amerogwa. Mimi nikawajibu, wenu ndio wamerogwa.

Sasa sikiliza, shemeji.

Mwezi wa pili, siku ya Jumatano, nilikwenda sokoni mjini. Unamkumbuka Mwanaiddi, yule mwenye duka la vyombo? Alikuwa anauza asali, nikaionja, nikamwambia mbele ya watu kwamba ameichemsha na sukari. Akacheka. Akasema, "Mama Gaspar, hii ya sukari angalau ipo kwenye chupa. Ya mwanao iko wapi? Mbona tunaiona mdomoni mwako tu?" Wanawake wote wakaangua kicheko. Nami mdomo wangu unaujua. Nikasema mwanangu si mtu wa kungoja kiangazi, anarina mwezi wowote anaotaka, na Jumamosi nitakuja na ndoo imejaa muonje wote mpaka mkome.

Nilipofika nyumbani nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Mama, masika haya nyuki wana watoto kwenye masega. Tukiwanyang'anya watakula nini?"

Nikamjibu, "Na mimi nitakula nini pale sokoni, aibu?"

Siku iliyofuata nikamwambia tena. Nikamwambia kumbe nyuki anawahurumia kuliko mama aliyemzaa. Hilo ndilo neno nililomwambia, shemeji. Nalisikia kila nikiinama kuosha chungu. Akacheka kidogo akasema, "Haya mama, mzinga mmoja tu, ule wa kwenye mninga. Usinune."

Ijumaa asubuhi akaenda peke yake. Ilikuwa imenyesha. Gome la mti lilikuwa linateleza na kamba imelowa. Aliyemkuta chini ni Maduhu, yule Msukuma anayechunga ng'ombe upande ule. Alimleta kwenye mkokoteni. Alikuwa bado ana pumzi, hakusema kitu. Saa tisa mchana ikaisha. Ndoo ilikuja nayo kwenye mkokoteni, haina kitu ndani.

Wazee walipokaa, Enoka akasema, "Gaspar hakupanda mzinga masika tangu azaliwe. Nani alimpandisha kama si mke? Wanawake wa siku hizi wanataka vitenge." Wote wakamgeukia Helena. Naye alikuwa ananyonyesha mtoto, hakuinua uso. Wakakata shauri kwamba baada ya arobaini arudishwe kwao Ufipa, na watoto watatu wabaki kwetu. Mimi nilikuwepo pale pale kwenye mkeka. Nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu. Mimi, ambaye hakuna kikao kilichowahi kuninyamazisha!

Tangu siku hiyo wanawake hawamsalimu kisimani. Anarudi na maji, ananiwekea ya kuoga, anasema karibu mama. Wiki iliyopita nikashindwa. Nilimkuta anakunja nguo za watoto, anazitenga na zake. Nikakaa chini nikamwambia yote, sokoni, ndoo, na lile neno.

Akaendelea kukunja. Akasema, "Najua, mama. Aliniambia asubuhi ile wakati anafunga kamba. Alisema nisimwambie mtu, mama atachekwa."

Nikamuuliza, mbona hukusema pale mbele ya wazee, mkamwana wangu? Akasema, "Ningesema, wewe ungeishi wapi? Mimi nina kwetu."

Shemeji, nimezika mume, nimezika na watoto wawili wadogo, unajua. Lakini sijawahi kukosa mahali pa kuweka macho yangu kama siku hiyo. Alinipakulia ugali jioni nikaushika tu mkononi. Kusali nasali, lakini maneno yanaishia darini. Padri anasema Mungu husamehe. Sawa. Gaspar harudi, na kila mtoto wake akicheka namwona yeye, na mama yao anafungiwa mzigo kwa ajili ya mdomo wangu.

Ninalokuomba ni moja. Usimrudishe Helena. Kama lazima mtu atoke katika nyumba hii, nitoke mimi, kwa dada yangu kule Mpimbwe kuna kibanda. Siku ya arobaini nitajaribu kusimama niseme mwenyewe. Nikishindwa, itoe barua hii uisome mbele ya Enoka na wote, mpaka mwisho. Hata ukiniona nalia usiache kusoma.

Nisalimie Esteria sana, na Bartolomeo wako, na mdogo wake Hilaria. Helena hajui kwamba nimeandika. Mungu akulinde njiani, akufikishe mapema, kabla hawajampakia kwenye lori.

Ni mimi shemeji yako ninayekupenda,
Pelagia