Ufunguo Alioukataa Mama

Nyumbani, ng'ambo ya kinu,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Mkia,

Salamu nyingi. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, yule mdogo kikohozi kimemwacha? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila mgongo unaniuma, na magoti siku hizi nikiyatuma yananijibu. Ukiona mwandiko wa kuku ujue nimetoka kukamua shuka kumi na mbili kwa mkono, maana mashine ya kufulia imegoma tena.

Kinu chenyewe cha unga, tangu tukigeuze nyumba ya wageni, kimependeza, huwezi kukitambua. Pale Baba alipokuwa akirundika magunia sasa pana jiko la gesi na friji. Jiwe la kusagia tumeliacha katikati ya sebule, wageni wanaliwekea vikombe vya chai. Lakini unga haujaisha. Kila Jumamosi nikifuta boriti kitambaa kinarudi cheupe. Baba ana miaka tisa kaburini na mimi bado nafuta unga wake.

Sasa ya Mama. Ujumbe wako niliupata, na malalamiko ya wale wageni niliyasoma: kwamba bibi mmoja aliwaingilia asubuhi bila hodi, akawachemshia mayai, akawaoshea vyombo. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Wewe hukucheka. Nimemweleza mara ngapi kwamba wageni hawa wanajipikia, ndivyo tangazo lako linavyosema, naye hunitazama kana kwamba nimemtukana. "Mgeni ajipikie, na mimi nipo hai?" Basi anabeba sufuria yake, anavuka daraja kwenda kinuni.

Ulisema kitasa kibadilishwe, nikakibadilisha. Fundi alikuja Alhamisi ya mwisho wa Mei. Mama sikumwambia, kosa hilo ni langu, sikutupii wewe. Ijumaa asubuhi nilikuwa naanika foronya, nikamwona amesimama mlangoni pa kinu, sufuria ameiweka chini, anahangaika na ule ufunguo wake wa chuma. Akazungusha kulia, akazungusha kushoto. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama mlango juu mpaka chini. Nilipomfikia akaniambia polepole, kama mtu anayeomba radhi, "Mwanangu, nadhani nimekosea nyumba."

Nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi! Nilimshika mkono tukarudi, sufuria nikaifuata baadaye.

Tangu siku hiyo havuki daraja. Anakaa dirishani upande wa kinu, ananiuliza mambo ambayo juzi alikuwa ananifundisha mimi. Naogopa, Mkia, sikufichi. Kufua na kufagia kunanichosha mwili, nikilala naamka nina nafuu. Hili la Mama nalala nalo na kuamka nalo.

Jana nikafungua orodha ya wageni nikakuta jina lako. Wewe, wifi na watoto, siku tano kuanzia tarehe ishirini, mmejiandikisha kama watu baki. Nilidhani macho yananidanganya. Hivi mdogo wangu, kwenu ndiko unakojiandikisha? Haya, karibu mgeni. Ila wahenga walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lako lipo: ni ufagio na beseni la shuka. Na habari ya kujipikia, kaongee na Mama mwenyewe kama unaweza.

Kuna jambo moja limebaki. Fundi aliniachia funguo mbili. Mmoja ni wa wageni. Wa pili nilimpelekea Mama jana jioni, nikamwambia huu ni wako. Akaugeuzageuza, akanirudishia. "Huu si wangu. Warudishie wenye nyumba."

Nami nimetii. Tangazo lina jina lako, basi nimeufunga kwa uzi ndani ya bahasha hii. Kitasa ulikiagiza kwa simu. Ufunguo uje uutoe kwa mkono. Mkifika msianzie kinuni. Piteni kwanza kwa Mama, mwekee kiganjani, umwambie hakukosea nyumba.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto, na Shangazi akipita kwenu mwambie namkumbuka. Mungu awafikishe salama, na awawahishe.

Ni mimi akupendaye hata nikiwa nimechoka hivi,
Dada yako.