Silvano Anahamishwa Stesheni

Stesheni, Masasi
20 Agosti 1961

Dada Anastasia, shikamoo.

Nina furaha mpaka kalamu inanitoroka! Hapa maji hutoka bombani, kwenye tangi la garimoshi. Mimi niliyepanda mlima wa Newala na debe la maji kichwani, sasa naoga mara mbili kwa siku! Silvano wangu ndiye anayeshika bendera. Akiipunga, treni nzima inamtii. Jirani yetu Mama Kasiani ananitania: "Bibi harusi, treni ni Jumanne, we umejipamba tangu Jumapili!"

Miaka mitatu iliyopita hapa palikuwa pori. Leo tuna nyumba kumi na moja, mgahawa wa Mzee Mahmudu na watoto sita waliozaliwa hapahapa.

Lakini dada, mizigo ni michache na wanasema reli itang'olewa. Silvano anahamishiwa Tabora, na Mjomba aliniozesha kwa sharti kwamba mume aje kujenga kwetu Mnyambe. Jana Silvano aliniuliza kwa woga, "Sasa utarudi kwenu?"

Nikamjibu, "Wapi! Vyungu nimeshavifunga, twende Tabora!"

Mweleze Mjomba taratibu, akishakula. Mwambie sichukuliwi, nakwenda mwenyewe.

Mdogo wako mwenye raha zake,
Agnes