Maji ya Kutasa

Mbololo, Alhamisi, 1956

Lakini ningefanya nini? Mzee Mwakio, mgonjwa wa watu, alikataa nimwombee.

"Mwalimu, niitie ndugu yangu kwanza. Ana kinyongo na mimi."

Ndugu akaja, akasimama mlangoni, akaomba maji. Nilijua anataka kutasa, kupiga funda na kuyapuliza nje huku akiitoa hasira yake kwa maneno, kama walivyofanya wazee wetu. Padre, aliyenituma kumwombea mgonjwa, hataki hata kulisikia neno hilo.

Maji nilimletea mimi.

Akapuliza. "Kilichokuwa moyoni mwangu kimetoka. Pumzika, ndugu yangu."

Mzee akalia, kisha akanishika mkono. "Sasa omba."

Nikafumba macho, na sikupata la kuongeza.

Jumapili padre ataniuliza kama mgonjwa aliombewa. Nitamjibu kwamba aliombewa.