Naogopa Kuachiwa Mjukuu

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini leo naogopa, na tangu utotoni nikiogopa nakwambia wewe kwanza.

Unakumbuka ulivyonikuta miaka ile ya vita, nguo zilipoadimika na watu wakavaa viraka. Nilianza kumeza kasumba, ile afyuni ya dukani, kwa ajili ya jino, chembe moja tu. Jino likanyamaza, mimi nikaendelea. Kofia nilizokuwa nikishona zikalala nusu nusu. Hata siku moja nikasinzia jikoni nimempakata mjukuu wangu, Mwanaidi, naye akaangukia mafigani, akaungua mkono. Mama yake, binti yangu Zuhura, alimwokota bila kunitazama, akarudi naye kwa mumewe, kijijini Kaole. Hakunisemesha tena.

Ndipo ukaja kunichukua. Ulinipandisha lori lililoshusha mihogo, ukanipeleka kwako Fukayosi. Nilitapika, nikaharisha, nikatetemeka juani kama mwenye homa. Nilikutukana matusi ambayo mama yetu hakutufunza. Siku niliyokwambia unaniua kwa husuda, ulinisogezea bakuli, ukasema, "Tukana, kisha unywe uji. Utapoa."

Sikujua kama wewe mwenyewe ulikuwa mgonjwa. Mimi nilipoinuka, wewe ukaanguka, na masika hayajaisha tukakuzika.

Nikarudi Bagamoyo peke yangu. Watu wanasema nimepona, wanasema kwa wepesi, kama niliyetoka kuugua malaria. Hawajui kwamba nikienda sokoni nazunguka mbali nisipite mbele ya duka lile la kasumba. Nikishikwa na usingizi wa mchana, ule wa uchovu tu, moyo unanienda mbio.

Juma lililopita Zuhura alipiga hodi. Baba mkwe wake amefariki Pangani, mtoto ana kikohozi, hana wa kumwachia.

"Mama, utaweza?"

Nikasema nitaweza. Dada, nilisema uongo.

Siku ya pili jino likaamka, uso wote ukawaka moto. Jirani yangu Bi Siti, mtu mwema asiyejua lolote, akaniletea chembe kwenye kijikaratasi, akasema itanituliza nipate kumlea mtoto. Mate yalinijaa kinywani. Mwanaidi alikuwa ameketi miguuni pangu anatafuna muwa, na lile kovu mkononi linang'aa. Nikamweleza Bi Siti yote, kasumba, mafiga, na wewe. Sikuwahi kumwambia mtu. Alikunja karatasi yake, akajitanda kanga, akatufikisha hospitali. Waliling'oa jino huku yeye amempakata mtoto, nami nililia mbele za watu bila haya.

Zuhura aliporudi siku ya tatu hakuanza na salamu. Alimvua mwanawe gauni, akamgeuza mbele na nyuma, mikono, miguu, akitafuta. Hakuona jeraha jipya. Akamvisha taratibu, akakaa mkekani kwangu, akaomba maji. Alipokwisha kunywa akasema, "Ijumaa nitamleta tena, mama."

Nilitaka kumwomba asimlete. Nilitaka kumwambia siku tatu si umri. Mdomo ukasema, "Mlete mapema."

Leo Alhamisi, na tangu asubuhi uzi hauingii sindanoni. Bi Siti ameahidi kuja kushona nami kutwa kesho. Nimekubali. Niombee, dada, kama huko mnaombea watu. Usiombe hofu hii iniondoke yote, maana ndiyo inayonizuia kusinzia.

Mola akulaze pema.

Mdogo wako wa ziwa moja