Wimbo wa Nne Umwendee Kamau

Baba,

Kumetoka albamu ya muziki wa kantri ambayo ungeicheza mpaka Mama akuzimie redio. Ni ya mama mmoja wa milimani huko Virginia, gitaa na fidla tu, lakini haogopi wakubwa hata kidogo. Anaimba kuhusu waliofunga hospitali ya kijiji chao, na wafanyakazi wanaobebwa alfajiri na polisi wa uhamiaji, watoto wakibaki mlangoni. Niliisikiliza nikitoka zamu, nikalia kwenye taa za barabarani mpaka dereva wa nyuma akanipigia honi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituma salamu ndani ya gari, kama watangazaji wa redio wa kule tulikotoka? Kila wimbo ulikuwa na mwenyewe. "Huu umwendee Mama Wanjiru wa Bowie, popote alipo." Na Mama amekaa kando yako! Haki ulituchosha, Baba. Sasa ningelipa nichoshwe.

Mwanao Kamau hajakanyaga nyumbani tangu tulipokuzika. Mara ya mwisho mlipoongea alikuambia nyimbo zako za kantri ni za watu wasiotutaka katika nchi hii. Ukamjibu, "Sikiliza maneno kwanza, kijana wangu." Akaubamiza mlango, akaenda zake, na wewe ukatuacha kabla hajarudi. Mama humpakulia sahani yake kila Jumapili tukitoka kanisani, kisha anaifunika.

Basi nikajiuliza, hii albamu ni ya nani? Wazee wenzako watapenda fidla, wakifika kwenye maneno waanze kukohoa. Vijana watapenda maneno, lakini wakisikia fidla watazima. Hii ni ya mtu aliyekasirikia nchi hii na bado hataki kuihama. Nani mwingine kama si Kamau wako? Nikamtumia huko Sterling anakotunza mitambo ya kompyuta, nikaandika: "Wimbo wa nne umwendee Kamau, popote alipo."

Jumapili iliyofuata nilikuwa naosha vyombo nikasikia fidla nje. Gari la Kamau lilikuwa mbele ya gereji, madirisha wazi, yeye ameinamia usukani. Mama alitoka na ile sahani, akaketi kando yake. Nami nikaingia nyuma, mahali pangu pa zamani. Wimbo ulipoisha Kamau akaurudisha mwanzo, akajikohoza kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya salamu.

"Huu umwendee Baba, popote alipo. Nimesikiliza maneno."

Pumzika sasa, Baba. Jumapili tutakuwa tunakula wote, na salamu nitazituma mimi.

Wanjiru wako