Maji ya Kisima na Samaki wa Wilbert

Mbezi Juu,
Dar es Salaam.
9 Machi 1997

Mpendwa Kaka Revelian,

Shikamoo. Habari za Gaborone, na habari za kufundisha? Wifi naye, kifua chake kimepata nafuu? Sisi huku miili ni mizima na watoto wanakwenda shule, ila nyumba imepooza. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilitaka niwe na habari njema ya kukupa. Sasa nimeona nikiisubiri hiyo sitaandika kabisa.

Unajua shemeji yako Wilbert alipopunguzwa kazi kiwandani Chang'ombe alichimba bwawa nyuma ya nyumba, akafuga perege. Lilitulea vizuri. Lilikuwa kivulini, chini ya mikorosho ya jirani. Mwaka jana jirani akauza kiwanja, na aliyenunua akaikata mikorosho yote apate kujenga. Hatuwezi kumlaumu, kiwanja ni chake. Lakini jua likawa linapiga maji kutwa nzima, na mvua za vuli, kama ulivyosikia, hazikunyesha.

Kuanzia Januari, ukitia mkono bwawani mchana unadhani maji yametoka jikoni. Alfajiri samaki wanapanda juu midomo wazi, wanatweta. Wilbert akamwita bwana samaki wa wilaya, Bwana Albano, mtu mpole sana. Akatueleza kwamba maji yakishika joto hewa yake inapungua, samaki anakosa pumzi. Tusiwape pumba siku za joto kali, maana inayobaki inaoza na kuzidi kumaliza hewa. Tufunike sehemu ya bwawa kwa makuti, tuyakoroge maji alfajiri, na kila tukiweza tuongeze maji ya baridi.

Tulifanya yote. Wilbert alisimika nguzo akaezeka makuti juu ya maji, utadhani anawajengea nyumba. Kila alfajiri aliingia mpaka kiunoni, anachota kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa. Samaki wakatulia. Nilimsikia anaimba, kaka. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu alipoachishwa kazi.

Maji ya baridi tulikuwa tunayatoa kisimani kwetu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mabomba ya mtaani yamekauka tangu Krismasi, kwa hiyo majirani wote wanachota kwetu. Kisima kikaanza kupungua, na Wilbert akawa anawahi kuchota kabla yao. Mie nilikuwa naona, nikanyamaza.

Siku moja akaja Bi Mwanaheri, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Akateremsha ndoo, ikapanda na tope. Wakati huohuo Wilbert alikuwa anamimina maji bwawani, mbele ya macho yake. Hakugomba.

"Mama Asifiwe," akaniambia, "mie sina neno na samaki wenu. Ila mwanangu kajifungua jana, na ndani sina hata maji ya kumwogesha mtoto."

Wilbert akasema, "Nikiacha leo, Bi Mwanaheri, hawa wote wanakufa."

"Najua, baba," akajibu. Akachukua ndoo yake tupu akaondoka.

Jioni kisima kikawa kimejikusanyia maji kidogo. Nikayachota yote nikampelekea. Asubuhi yake nikaondoa kamba na ndoo ya Wilbert kisimani, nikamwambia mume wangu kuwa maji haya sasa ni ya watu. Akaingia bwawani, akawa anakoroga maji yaleyale ya moto, mchana kutwa, bila kula. Nilimpelekea chai akaacha ikapoa ukingoni.

Haikuchukua siku nyingi. Tuliamka tukakuta wameelea matumbo juu, bwawa zima, chini ya makuti na nje yake. Harufu ilikuwa haivumiliki. Bi Mwanaheri alikuja na jembe akatusaidia kuwafukia, analia huku anachimba. Wilbert akamuuliza, "Mtoto hajambo?" Akasema hajambo, ananyonya vizuri. Wakaendelea kufukia.

Sasa bwawa limebaki tope linalopasuka. Asifiwe aliuliza kama baba yake atapandikiza wengine, nikamwambia anyamaze. Wilbert mwenyewe bado anaamka alfajiri ileile, anavaa kaptura yake ya bwawani, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kunapambazuka. Kazi hatafuti tena. Mawingu yanakuja, yanapita.

Sikuombi kitu, kaka. Mwandikie tu mistari miwili mitatu, wewe anakuheshimu. Samaki usimtajie.

Nikiwaza, sioni ningefanya nini kingine, na bado silali. Wilbert hajanilaumu hata kwa neno moja. Angenilaumu, ningejua la kumjibu.

Msalimie sana wifi, na Blessing mwambie shangazi anamkumbuka. Ukimwandikia Kaka Audax kule Bukoba mpe salamu zetu, ila haya ya bwawa usimweleze, atamwambia Mama bure. Mungu awafunike kwa mkono wake, na huko mliko awape mvua ya kuwatosha.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Genoveva