Pikapu ya Tata Imefika Kampala

Kampala, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yamepata nafuu na kwamba mvua hizi hazikuzuii kwenda kanisani. Mimi mwili ni mzima, na kula nakula. Moyo ndio mgonjwa, nami sitakuficha.

Kaka Josia, najua wewe ndiye unayemsomea Mama, maana hapo nyumbani hakuna mwingine anayejua kusoma. Shikamoo, kaka. Soma polepole na usiruke mstari. Mzee Festo, jirani yetu aliyeleta barua hii, nimemsomea yote kabla sijafunga bahasha, naye ataketi hapo mpaka mwisho.

Mama, unaikumbuka pikapu ya marehemu Tata, baba yetu. Nani Muleba asiyeikumbuka? Tajiri wake Mhindi alimpa ikiwa imechoka, akidhani anamtupia chuma chakavu, Tata akaifufua kwa waya, vipande vya ngozi na uvumilivu. Kuiwasha ilibidi upige hendeli mpaka bega lilie. Malori mapya ya kahawa yalipita barabarani yaking'aa, na watu waliyapisha tu. Lakini pikapu ya Tata ikikohoa kule mlimani, akina mama walianza kufunga mizigo, na mgonjwa alivalishwa nguo safi kwa safari ya Bukoba. Nimefungua injini nyingi hapa gereji, mpya na kuukuu. Gari jipya likiharibika linasubiri meli ilete kifaa. La zamani linakuonyesha ugonjwa wake, nawe unalitibu kwa ulicho nacho. Ndiyo maana nalipenda gari lile, na ndiyo maana nilikuja huku kujifunza ufundi. Nilitaka nirudi niliendeshe mwenyewe, Muleba hadi Bukoba, kama yeye.

Maana lilikuwa langu. Siku ya kumaliza matanga, baba mdogo alisema mbele ya ukoo, "Josia, wewe ndiwe musika, mrithi mkubwa. Kibanja, nyumba na kaburi la baba yako viko juu yako. Eliya, gari ni lako. Kaka yako atakulindia mpaka utakaporudi." Akatupa kila mmoja buni ya kutafuna kutoka kiganjani mwake, nawe, kaka, ukaitikia kukubali, "Ego, waitu." Kwetu neno lililotafuniwa buni halitemwi. Au siku hizi linatemwa?

Halafu ukaniandikia kwamba gari limeoza, kuku wanataga chini ya usukani. Nililia, Mama, mtu mzima mimi. Nikamwomba kaka alifunike kwa majani makavu ya migomba, nikatuma plagi na mkanda wa feni kwa dereva wa lori. Kaka akajibu akanishukuru. Alishukuru vizuri sana.

Mwezi uliopita pikapu hiyo ikaingia langoni mwa gereji yetu, ikiendeshwa na Mzungu mwenye shamba la chai. Niliisikia kabla sijaiona, nikaweka spana chini. Mbao za mti wa mushambya alizopigilia Tata nyuma zilikuwapo. Mlango uliobonyezwa na fahali wa baba mdogo ulikuwapo. Na kirungu cha gia alichokichonga kwa mti wa mbuni kilikuwapo, kimelainishwa na kiganja chake cha miaka mingi.

Mzungu huyu anapenda magari ya kizamani. Anayo mengine mawili ambayo hayabebi hata mkungu mmoja wa ndizi. Huyaosha na kuyatazama. Nikamuuliza hili alilipata wapi.

"Muleba," akasema. "Mwenye nyumba mmoja ameniuzia. Lilikuwa gari la mdogo wake, lakini mdogo wake alikufa huku Uganda. Mtu mwema yule, alinipa na ndizi za safari."

Nilikuwa nimesimama mbele yake, grisi mpaka kwenye viwiko. Nikamjibu, "Pole yake, bwana." Ningesema nini tena? Yeye ana karatasi, na buni haiandiki karatasi. Msimamizi naye alikuwa nyuma yangu, akaniambia, "Eliya, hili ni lako," maana yake kazi ni yangu.

Basi nimelitengeneza. Mzungu anataka liwe kama lilivyotoka kiwandani, kwa hiyo niliamriwa kung'oa kila alichoongeza Tata. Mbao za mushambya mlinzi wa lango alizichemshia chai, akanigawia kikombe, nikanywa. Kirungu cha gia Mzungu alikitazama akasema, "Kijiti hicho tupa, kinaharibu gari." Sikukitupa. Lilipotoka langoni lilikuwa linang'aa na halikohoi tena. Niliifanya kazi hiyo vizuri, na ninaichukia.

Kaka, kama ulikuwa na shida ungeniandikia. Ningekuambia uza, ningeumia, yangekwisha. Lakini hukuuza gari peke yake. Umenizika nikiwa hai ili mnunuzi asiulize maswali. Mimi nilikuwa nahesabu misimu ya senene nikingoja kurudi kwenye gari langu, na wewe ulikwisha kunifukia kwa mkungu wa ndizi.

Nisalimie shangazi wa Kahororo, bado navaa sweta aliyonifumia. Nisalimie mjomba anayevua Bumbire. Nisalimie shemeji, mke wa kaka, sina neno naye wala watoto wake. Na baba mdogo aliyegawa urithi, mwambieni buni ile bado naisikia uchungu wake mdomoni.

Sasa, Mama, nyosha mkono. Mzee Festo ana kitu amekifunga kwenye kitambaa, atakupa. Usiambiwe na mtu ni nini, kishike tu, kiganja chako kitakijua. Ukishakijua, mgeukie huyu anayekusomea, umuulize mwanao Eliya alikufa siku gani, na kwenye kibanja amemlaza upande upi wa baba yake.

Ni mimi mwanao, niliye hai,

Eliya